Nepia imeungua kingoni, samadi imejaa zizini: barua za wafugaji

Swali: Je, niache mbolea ya duka?

Daktari, hujambo. Nina ng'ombe watatu wa kukamuliwa, chotara wa friziani, ninawafugia ndani hapa Bahati, Nakuru. Shamba ni ekari mbili. Moja ni ya nepia, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe, nyingine ina nyumba, mahindi na mboga. Hiyo nepia niliipanda miaka 11 iliyopita. Kila mwaka naitilia mbolea ya duka, mifuko 2 ya DAP na 2 ya CAN. Samadi naipeleka kwenye mahindi na sukuma wiki kwa sababu ndiyo mimea iliyo karibu na zizi. Sasa mashina ya nepia yamekonda, na majani ya chini yanakauka kingoni kama yaliyopitiwa na moto, huku katikati bado ni ya kijani. Jirani yangu aliyeingia kilimo hai anasema mbolea ya duka imeua udongo. Ninanunua magunia 5 ya chakula cha ng'ombe kila mwezi na kuuza lita 26 kwa siku. Nifanyeje? – Mama Pacha, Bahati

Mama Pacha, asante kwa kuniandikia na hesabu. Wengi hunitumia picha ya jani pekee, halafu nabaki kubahatisha. Wewe umenipa lita, magunia na mifuko, kwa hiyo acha tukae chini na daftari.

Tuanze langoni. Lita 26 kwa siku ni lita 9,490 kwa mwaka. Kila lita ya maziwa huondoka na gramu 5 na kitu za naitrojeni, karibu gramu 1 ya fosforasi, na gramu 1 na nusu za potasiamu. Kwa mwaka mzima umeuza takriban kilo 50 za naitrojeni, 9 za fosforasi na 14 za potasiamu. Hiyo ndiyo iliyotoka.

Sasa iliyoingia. Magunia 5 ya kilo 70 kila mwezi ni kilo 4,200 kwa mwaka. Chakula chenye protini ya asilimia 15 hivi huleta karibu kilo 100 za naitrojeni. Pumba na mashudu yaliyomo yana fosforasi nyingi, tukisie kilo 25, na potasiamu kama kilo 40. Kwa hiyo hata kabla hujafungua mfuko mmoja wa mbolea, boma lako linapokea kuliko linavyotoa. Mtu akikuambia udongo wako umekwisha kwa kuuza maziwa, mwonyeshe ukurasa huu.

Lakini nepia inaungua, na macho yako hayakudanganyi. Tutoke langoni tuingie kwenye ile ekari yenyewe. Nepia iliyotunzwa vizuri hutoa kama tani 8 kwa ekari kwa mwaka, zikipimwa zikiwa kavu kabisa. Ikiwa mbichi, hiyo ni kama kilo 120 unazokata kila siku, mizigo unayoijua mgongoni. Ndani ya tani hizo 8 mna naitrojeni karibu kilo 130, fosforasi kilo 20, na potasiamu kilo 200. Ndiyo, 200. Nepia hunywa potasiamu kama mtoto anavyonywa uji.

Unairudishia nini? Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 10 za fosforasi. Mfuko wa CAN una kilo 13 za naitrojeni. Mifuko yako minne inatoa naitrojeni kilo 44 na fosforasi kilo 20. Fosforasi umeirudisha sawasawa, hongera. Naitrojeni umeirudisha theluthi. Potasiamu hujairudisha hata kidogo, kwa sababu DAP na CAN hazina potasiamu. Kwa miaka 11 hiyo ni zaidi ya tani mbili. Hata tukiikata hesabu nusu kwa kuwa mavuno yamekuwa yakishuka, bado ni tani nzima iliyotoka kwenye ekari moja na kupita mlangoni mwa zizi. Udongo wetu wa majivu ya volkano kutoka Menengai una akiba kubwa ya potasiamu kuliko udongo mwekundu wa Magharibi, ndiyo maana nepia yako imevumilia muda wote huo. Jani la chini kukauka kingoni huku katikati likiwa kijani ni dalili ya potasiamu. Lingekuwa na njaa ya naitrojeni tu, umanjano ungeanzia nchani na kushuka katikati ya jani.

Potasiamu hiyo imekwenda wapi? Hapa ndipo ningependa uniambie jambo ambalo barua yako haikulitaja: sakafu ya zizi lako ikoje, na mkojo unaelekea wapi?

Ng'ombe mzima haweki potasiamu mwilini. Kidogo huingia kwenye maziwa, na nyingine karibu yote hutoka tena, sehemu kubwa mno ikiwa kwenye mkojo. Fosforasi hupita njia nyingine, hiyo hutoka na kinyesi. Naitrojeni hugawanyika, karibu nusu kwa nusu, na ile ya kwenye mkojo ndiyo inayopotea upesi, kwani hugeuka hewa kali ile inayokuuma puani ukifungua zizi alfajiri. Kwa hiyo mfugaji anayezoa kinyesi kwa koleo na kuacha mkojo utiririke mtaroni amehifadhi fosforasi na kuitupa potasiamu. Ng'ombe watatu hukojoa lita 50 na zaidi kwa siku. Nimeingia mazizi mengi katika miaka yangu 27 ya kazi ya mifugo, Njoro, Molo na baadaye Kakamega, na ninaweza kusema bila kusita kwamba mbolea nyingi zaidi inayopotea katika kaunti hizi inapotea kwenye ule mfereji wa nyuma ya zizi, ambako magugu yamefika kimo cha mtu.

Mimi nilipostaafu nilijenga zizi dogo la ng'ombe wawili huku Njoro. Nilimwambia fundi ainamishe sakafu ya saruji kidogo kuelekea upande mmoja, akachimba kijifereji kinachoishia kwenye pipa la lita 200 lililozikwa hadi shingoni. Pipa linafunikwa. Kwa wiki ya kwanza nilipima kwa debe kila asubuhi, nikapata lita 30 kwa siku, nyingine ikinywewa na matandiko. Tunauchanganya mkojo na maji, kipimo kimoja kwa viwili, tunaumwaga kwenye mfereji kati ya mistari ya nepia baada tu ya kukata, kisha tunafukia. Kufukia ndiko kunakookoa ile naitrojeni. Ukiumwaga juu ya udongo mkavu saa sita mchana, umelisha upepo.

Sasa swali lako. Usiache mbolea ya duka kwa sababu ya jirani, na usiishike kwa ukaidi pia. Geuza kwanza njia ya samadi. Mahindi na sukuma wiki zako zimepokea kwa miaka 11 samadi ya ng'ombe watatu, yaani chakula kilichotoka kwenye nepia pamoja na magunia yote uliyonunua. Hapo udongo umeshiba. Peleka samadi ya mwaka huu na wa kesho kwenye nepia, mashimo kwa mashimo, pamoja na mkojo. Majivu ya jikoni nayo yapeleke huko, yana potasiamu na kalisiamu. Lundo la samadi liwe chini ya paa, au ulifunike kwa karatasi ya nailoni au majani ya migomba, mvua isilioshe. Panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kati ya mistari, inavuta naitrojeni kutoka hewani. Fanya hivyo, upime udongo katika maabara, halafu uamue kama DAP bado ina kazi pale. Nadhani utakuta CAN mfuko mmoja inatosha, na DAP unaweza kuipumzisha.

Jirani yako hakukosea kila kitu. DAP na CAN zikitiwa mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo, hasa DAP. Ila naye mwulize kwa upole: kama anauza maziwa na hanunui magunia, anarudisha fosforasi kutoka wapi?

Jambo moja la kuangalia, nimeliona likiua ng'ombe mzuri. Nepia ikishapata mkojo mwingi hujaza potasiamu kupita kiasi, na ng'ombe anayekaribia kuzaa akila hiyo tu, kalisiamu yake haiamki vizuri siku ya kuzaa. Anaanguka na homa ya maziwa. Magnesiamu nayo inazuiwa kuingia mwilini. Mpangilie kipande cha nepia ambacho hakimwagiwi mkojo, au umpe mabua ya mahindi na nyasi kavu katika wiki tatu za mwisho.

Swali: Mitamba wanakonda kwenye nyasi tele

Daktari, salamu. Mimi ni kijana mfugaji huku Mau Narok. Tuko kwenye kikundi cha kilimo hai, mwaka wa tatu sasa. Hatutumii mbolea ya duka wala chumvi za viwandani, mifugo inalamba magadi. Nyasi zinafika magotini lakini mitamba wangu watano wamekonda, nywele zimesimama, macho yanatoa machozi, na hawana hamu ya kula. Ng'ombe wakubwa wako afadhali. Nina kondoo 14 kwenye malisho hayo hayo. Babu yangu anasema zamani mifugo ya huku ilikuwa ikihamishwa ili ipone. Nikinunua madini ya duka nitapoteza cheti? – Kijana wa Mau Narok

Kijana wangu, mheshimu sana babu yako. Ugonjwa anaoukumbuka umebeba jina la kaunti yetu. Katika vitabu vya mifugo unaitwa nakuruaitisi, kwa sababu ya Nakuru, na maana yake ni mnyama kudhoofika kwa kukosa madini ya kobalti. Australia na New Zealand waliujua kwa majina yao, na huko pia wafugaji waliona mnyama akipona akihamishiwa malisho mengine kabla mtu yeyote hajajua kwa nini. Ilipofika 1935 watafiti wa Australia ndio waliogundua kwamba kinachokosekana ni kobalti. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huitumia kobalti kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo mnyama hawezi kugeuza nyasi kuwa nguvu. Anakufa njaa akiwa amesimama kwenye nyasi. Wadogo wanaokua ndio huumia kwanza, kama ulivyoona.

Lakini usikimbilie kobalti kabla hujapeleka kinyesi kwa daktari wa mifugo kikaangaliwe minyoo. Minyoo hukondesha mnyama kwa sura hiyo hiyo, na mara nyingi mambo hayo mawili huja pamoja. Mwombe pia achukue damu ipimwe.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu kilimo hai, maana hapa ndipo vijana wengi wazuri wanapotea. Ng'ombe anahitaji kobalti miligramu 0.1 hadi 0.2 katika kila kilo ya chakula kikavu. Mtamba anayekula kilo 6 anatosheka na miligramu 1 hivi kwa siku. Kwa mwaka mzima haifiki nusu gramu. Ukiiweka kiganjani huioni. Lakini samadi ya shamba lako ina kobalti ya shamba lako tu. Ukizungusha samadi vizuri, usipoteze hata koleo moja, utakuwa unazungusha upungufu ule ule kutoka kwenye nyasi hadi kwenye mnyama na kurudi kwenye nyasi. Naitrojeni unaweza kuipata hewani kwa kupanda klova ya malisho au desmodiamu. Kobalti haiko hewani. Kama mwamba uliozaa udongo wako haukuwa nayo ya kutosha, lazima itoke nje ya shamba.

Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, vile vilivyokuja na alama ya Kilimohai, vinakataza mbolea za naitrojeni za viwandani na dawa za kemikali za shambani. Havikuandikwa ili kumnyima mnyama madini anayoyakosa. Chukua majibu ya maabara na lebo ya madini unayotaka kununua, umwonyeshe mkaguzi wa kikundi chenu kabla hujalipa. Karatasi ya maabara itamsaidia kuamua. Wakati unangoja, daktari anaweza kuwachoma mitamba hao sindano ya B12. Utaona hamu ya kula ikirudi haraka, na hilo lenyewe ni jibu.

Magadi punguza. Yanampa mnyama sodiamu, lakini hayampi kobalti wala shaba, na yana floraidi nyingi. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa tayari yana floraidi, unaijua kwenye meno ya watoto wetu yenye madoa ya kahawia. Ng'ombe naye ana meno na mifupa.

Tukiwa bado kwako, angalia na shaba. Udongo wa volkano wa pande zetu umewahi kuwafanya wakulima wa ngano kupulizia shaba mashambani, kwa kuwa ngano ilikuwa haijazi masuke. Ng'ombe aliyekosa shaba utamjua kwa rangi: mweusi anakuwa mwekundu uliochujuka, na kuzunguka macho nywele zinapauka kama aliyevaa miwani. Anaweza pia kuharisha bila kukoma. Na wakati mwingine shaba ipo kwenye nyasi lakini molibdenamu na salfa zinaifunga tumboni, hivyo mnyama haipati. Ndiyo sababu nimesisitiza damu ipimwe, kwani kupima udongo peke yake hakutakuonyesha hilo.

Halafu kondoo. Tafadhali, usiache kondoo 14 walambe madini ya ng'ombe. Kondoo huhifadhi shaba kwenye ini kimyakimya kwa miezi, kisha siku moja ini linaiachilia yote. Mnyama anageuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu, na ndani ya siku mbili umemzika. Nilishawahi kuitwa kwenye boma moja Molo lililopoteza kondoo 9 kwa wiki moja. Mwenye boma alikuwa mtu mwangalifu sana, alinunua madini mazuri ya ng'ombe na kuyaweka kwenye hori moja la wote. Nililia naye siku hiyo. Weka hori la ng'ombe juu, kimo cha kifua cha mtu, kondoo wasilifikie, na wao watafutie madini yaliyoandikwa kondoo.

Na kama kikundi chenu kinatumia mrututu wa kuoshea kwato, ujue kwamba robo ya uzito wa mrututu ni shaba tupu. Beseni la lita 100 lenye kilo 5 za mrututu lina shaba zaidi ya kilo 1. Maziwa ya Mama Pacha wa Bahati, lita zote 9,490 za mwaka, huondoka na shaba ipatayo gramu 1. Ukimwaga beseni moja kwenye shimo la samadi umeongeza shaba ambayo maziwa ya shamba kama lake hayawezi kuitoa kwa miaka elfu. Shaba hushikamana na udongo, haiendi popote. Maji ya beseni yatawanye mbali na malisho ya kondoo, usiyamwage sehemu moja kila mwezi.

Swali: Ya nini kupima zinki mtu mwenye ng'ombe mmoja?

Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, Vihiga. Nina robo tatu ya ekari na ng'ombe mmoja wa aishaya anayetoa lita 8. Sitii mbolea ya duka. Nina mahindi na desmodiamu katikati, nepia ukingoni, na ninakata tithonia za barabarani kufukia shambani. Nepia inayozidi nawauzia majirani, kama pikapu moja kila mwezi. Mahindi yalipendeza miaka minne, sasa yana rangi ya zambarau yakiwa machanga. Mwanangu yuko masomoni Uswidi, ananiambia kule watafiti wamepima ng'ombe wa kilimo hai na wa kawaida hadi zinki na shaba. Ya nini hayo kwetu? Tena nimeambiwa nitie chokaa. – Mwalimu, Vihiga

Mwalimu, shikamoo. Mwanao amekuambia kweli. Kule Öjebyn, kaskazini mwa Uswidi, waliweka makundi mawili ya ng'ombe katika kituo kimoja, la kilimo hai na la kawaida, wakapiga hesabu ya zizi na hesabu ya shamba, wakaingiza hadi madini yale madogo. Sababu yao ni nzuri. Katika ufugaji wa maziwa zinki na shaba huingia shambani hasa kupitia madini ya kulisha, na mbolea za fosforasi za dukani nyingine huja na kadimiamu, metali isiyo na faida kwa mtu wala mnyama. Mambo hayo hukusanyika polepole kwenye udongo na hakuna jicho linaloyaona. Chukua lebo ya madini yoyote ya ng'ombe. Ikisema gramu 5 za zinki kwa kilo, na unampa ng'ombe gramu 100 kwa siku, mwaka mmoja umeingiza gramu 180. Lita zako 2,400 za mwaka, ng'ombe akikamuliwa siku 300, zimetoa gramu 10 hivi. Huko kwenye makundi makubwa yanayolishwa madini miaka mingi, hilo linahesabika.

Kwako wewe shida iko upande wa pili, nawe unayo hesabu yake mwenyewe kwenye ile pikapu.

Tuseme pikapu hubeba tani moja. Tani moja ya nepia mbichi ina kama kilo 180 zikikauka. Ndani yake mna potasiamu kilo 4 na nusu, naitrojeni karibu kilo 3, na fosforasi kama nusu kilo. Maziwa ya ng'ombe wako kwa mwaka mzima yanaondoka na potasiamu kilo 3 na nusu. Pikapu moja, Mwalimu, imebeba kuliko mwaka mzima wa kukamua. Na wewe unauza kumi na mbili. Samadi yake inabaki kwa majirani. Kama huna budi kuuza, fanya makubaliano: kwa kila pikapu, mikokoteni kadhaa ya samadi irudi. Nimeona wazee wa Kakamega wakifanya hivyo na haikuleta ugomvi.

Rangi ya zambarau kwenye mahindi machanga ni fosforasi. Desmodiamu imekupa naitrojeni, na imezuia gugu la kiduha na mdudu kipekecha shina, lakini haina namna ya kutengeneza fosforasi. Tithonia ina fosforasi kiasi na potasiamu nyingi, ni jani zuri mno, ila inahamisha tu chakula kutoka kando ya barabara kuja kwako, na barabara haina mwisho mwema kama kila mtu anakata. Udongo wenu mwekundu wenye chuma na alumini hushika fosforasi na kuibana. Mtu wa kilimo hai anaruhusiwa kutumia mawe ya fosfeti yaliyosagwa. Kuna ya Minjingu, Tanzania, karibu na Ziwa Manyara, ambayo kadimiamu yake ni ndogo, na uchachu wa udongo wenu ndio unaoyayeyusha vizuri. Yachanganye kwenye lundo la samadi yakae nayo wiki kadhaa, kisha uyatie kwenye mashimo ya mahindi, usiyatawanye ovyo.

Chokaa ni jambo jema kwa udongo ulio chini ya pH 5.5, hicho ndicho kipimo cha uchachu, lakini pima kwanza, na usiwe na haraka ya kuupandisha mbali. Chokaa ikizidi, zinki, manganisi na kobalti hujificha, mmea hauvipati, na molibdenamu nayo huongezeka kwenye nyasi na kumfungia ng'ombe shaba. Tena mawe ya Minjingu hayatayeyuka kwenye udongo uliokwisha kutulizwa uchachu. Tia mawe hayo msimu mmoja, chokaa kidogo msimu unaofuata, katika vipande tofauti, uandike ulichokiona. Wewe ni mwalimu, najua daftari utaliweka.

Swali: Maziwa ya kilimo hai yana madini zaidi?

Daktari, nina mtoto wa miaka miwili na nina ujauzito mwingine. Hapa Kisumu nimepata mtu anayeniletea maziwa ya ng'ombe wa kilimo hai, bei iko juu. Anasema yana madini yote. Ni kweli? – Mama Mtarajiwa, Kisumu

Binti yangu, kalisiamu ni ile ile, kama gramu 1 na kidogo kwa lita, kwa sababu ng'ombe huitoa mifupani mwake kabla hajaipunguza kwenye maziwa. Madini madogo ndiyo yanayofuata alichokula. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2016, mengi yakiwa ya Ulaya, yalikuta maziwa ya kilimo hai yana mafuta mazuri zaidi ya omega-3, lakini ayodini na seleniamu ni chache kuliko ya kawaida, hasa kwa sababu ng'ombe wa kawaida hulishwa madini mengi zaidi. Kwa mama mjamzito ayodini si jambo dogo, ndiyo inayojenga ubongo wa mtoto. Chumvi ya mezani nchini Kenya hutiwa ayodini kwa sheria, kwa hiyo tumia chumvi ya pakiti, na uifunike vizuri isikae juani.

Maziwa ya huyo bwana kama ni safi na unayachemsha, endelea nayo ukiweza bei. Ila akija kesho asubuhi mwulize ng'ombe wake wanalamba nini. Akikuonyesha hori lenye madini, mnunulie. Akikuambia wanakula nyasi tu na Mungu anatosha, mwambie anitumie barua.